Kutoka Kisumu hadi Perth, Kupitia Katito

Adhiambo nyara, binti yangu,

Uko chumbani unafunga sanduku na kulifungua tena, mimi niko nje kwenye gari, na kati yetu kuna ukuta mmoja tu wenye dirisha. Ningeweza kukuita. Lakini ndani hakuna pa kukaa. Shangazi zako wamejaza sebule, mama yako amegeuza jikoni kuwa hoteli, na kila nikiingia kuna mtu ananiambia, "Mzee, keti basi," halafu kiti hakuna. Nilipopita mara ya tatu mama yako alisema natembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Basi nimekuja kutagia hapa, kwenye kiti cha dereva, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani na taa ya ndani nimeiwasha ingawa jua halijazama vizuri.

Sikuandikii mambo ya pasipoti, wala sweta, wala kanisa la kusali huko. Hayo mama yako ameyasema mpaka yamechakaa. Ninakuandikia kwa sababu ya jambo la leo mchana. Tukila, nilikuuliza habari za bibi yako, "Na Dani je?" Ukajibu huku macho yako kwenye simu, "Baba, Dani nitampigia video nikiwa Nairobi. Si ni the same tu?"

Nikasukuma sahani nikatoka. Umedhani nimekasirika, nimekusikia ukimuuliza mama yako. Sikukasirika. Niliogopa, kwa sababu jibu lile nililijua. Nimewahi kulitoa mimi, karibu neno kwa neno, na aliyeniuliza ulikuwa wewe. Hukumbuki. Nitafika hapo.

Tangu utie sahihi mkataba wa kazi nimekuwa mtu wa kuisumbua simu. Nairobi hadi Perth ni mbali kiasi gani? Nauliza asubuhi, nauliza jioni, kana kwamba Australia itasogea. Jibu ni lile lile: ukichora mstari ulionyooka juu ya bahari, ni karibu kilomita elfu tisa. Sasa ajabu yake ni kwamba hutaufuata mstari huo. Hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja. Wewe utapanda kwanza juu hadi Doha, saa tano hivi angani, ukienda mahali ambapo Perth haipo. Ukae pale uwanjani ukingoja. Kisha ndege nyingine ikuchukue kwa muda wa saa kumi na moja kuteremka kusini mpaka ufike. Zile elfu tisa zinakuwa zaidi ya elfu kumi na mbili, na pamoja na kungoja inakwisha karibu siku nzima. Nilipomwonyesha mama yako ramani aliniuliza, "Kwani rubani hajui njia?"

Nimesoma pia kwamba kurudi kunachukua muda mrefu kuliko kwenda. Upepo wa huko juu unamsukuma anayekwenda na kumzuia anayerudi. Hilo lilininyima usingizi zaidi ya zile kilomita. Nililala nikilifikiria, nikaamka nalo, nikaliendesha mpaka Ahero na kurudi.

Nimeshuka kuangalia magurudumu. Yana upepo wa kutosha. Hata saa kumi yalikuwa nao.

Sasa nikuambie habari za barabara fupi. Kutoka hapa Migosi hadi kwa Dani, kule Katito, ni safari isiyofika saa nzima kama Ahero haijafungwa na msongamano wa magari. Unaijua vizuri. Kila Krismasi umeipita, umelala kiti cha nyuma na kuamka tukiacha lami. Wewe unadhani ilikuwa hivyo siku zote. Haikuwa. Kuna wakati barabara hiyo ilinichukua miaka karibu sita, na nilikuwa naipita mara tatu kwa wiki.

Unajua niliendesha lori la mkate kabla sijapata gari langu. Tulikuwa tunapakia kreti kabla ya kucha, mimi na taniboi wangu, msaidizi wa lori, Wafula, mzee kunizidi, mtu wa Bungoma asiyecheka ovyo. Katito ilikuwa na gari lake la mkate. Letu lilikuwa la Sondu, Oyugis na Kisii. Kwa hiyo Katito tulipita tu, tena kwa kasi, maana wenye maduka wa Sondu walikuwa na midomo.

Wakati huo nilikuwa nimekosana na mdogo wangu, baba yako mdogo Ouma. Kosa lenyewe huenda ukalicheka, wewe mtoto wa mjini, lakini kwetu watu wamezikana nalo. Kaka mkubwa ndiye hutoka kwanza katika boma la baba na kufungua boma lake, ndipo mdogo naye afungue la kwake. Mdogo akitangulia, amemruka mkubwa. Kurukwa si jambo dogo. Ni kama watu wamekutazama wakaamua haupo. Ouma alinisubiri. Kila mwaka alikuja hapa Kisumu kunikumbusha, na kila mwaka nilimwambia, "Mwakani." Nilitaka kurudi nyumbani na mabati mapya na mafundi wa mjini, watu waseme yule kijana wa mkate ameamka. Mabati hayakuonekana. Mke wa Ouma alikuwa na watoto watatu katika nyumba ya kijana, bado ndani ya boma la baba. Siku moja alimchukua ami yetu mmoja, akaenda akafungua boma lake bila mimi.

Nilipopata habari nilisema sitakanyaga kule tena. Nilisema nimezikwa nikiwa hai. Nilisema mengi, na watu wa hapa mjini walinipa pole, maana walijua desturi, na hakuna aliyeniuliza swali dogo ambalo lingenimaliza: Ouma amekuruka, sawa, lakini mama yako amefanya nini?

Dani alibaki palepale, katika boma la marehemu baba. Hakuna desturi iliyonikataza kuingia lango lake. Ni kweli nyumba yangu ya ujana ilikuwa imeliwa na mchwa, na mwanamume mzima halali chini ya paa la mama yake. Lakini nani alisema nilale? Ningeweza kuingia mchana, nikanywa uji, nikaondoka. Adhiambo, mtu akitaka kukaa mbali hakosi sheria ya kumsaidia. Mimi niliichukua desturi ya wazee nikaifanya pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na aibu tu, mtu mzima anaogopa kuingia kwa mama yake mikono mitupu.

Basi nikabuni ujanja. Ukipita soko la Katito ukielekea Sondu, kuna mahali njia ya kwetu inakutana na barabara kuu. Siku ya kwanza nilipofika pale nilipiga honi. Lori lile lilikuwa na honi ya sauti mbili, ndefu na fupi, hakuna lingine lililolia hivyo. Nilipiga bila kufikiri. Safari iliyofuata, nikamwona Dani amesimama pale, leso begani, mkono juu ya macho. Nikapiga. Akainua mkono. Nikapita.

Ikawa hivyo. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mvua, jua, yeye yuko. Mara nyingine na karai la mboga, mara nyingine anapiga domo na jirani, lakini akisikia honi anageuka na kuinua mkono. Na mimi nilikuwa nafurahi, nisikufiche. Nilikuwa nafika Sondu moyo mweupe kabisa. Nilimwambia mama yako, "Leo nimemwona mama, yuko salama." Mama yako aliniuliza, "Mmeongea nini?" Nikasema, "Tumesalimiana."

Nilidhani kupita ni kufika. Nilidhani kwa kuwa ananiona na ninamwona, umbali haupo.

Kuna shangazi yako amekuja hapa dirishani kuniuliza kama nina habari ni nani ana funguo za nyumba ya jirani, viti viletwe. Nimemwambia sijui. Ziko mfukoni mwangu, nimeziona sasa hivi. Nitampelekea.

Nimerudi.

Ulikuwa na miaka mitano hivi, shule zimefungwa, mama yako ana homa, nikakubeba kwenye lori. Ulikaa katikati yangu na Wafula, umekumbatia mkate mzima ambao hukutaka kuula wala kuuachia. Tulipopita soko la Katito nikapiga honi yangu, ndefu na fupi. Dani akainua mkono. Na wewe ukampungia, kwa sababu wewe ulikuwa unampungia kila mtu. Kisha ukaniuliza, "Baba, yule mama ni nani?"

Wafula akatazama nje upande wake.

Nikasema, "Yule ni mama yangu."

Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Mbona hatushuki?"

Nikakujibu, "Tuna haraka, mkate utapoa. Si tumemsalimia? Ni sawa tu."

Mkate ule ulikuwa umepoa tangu Ahero. Uliutazama uliokuwa nao, ukaugusisha shavuni. Watoto wana adabu wakati mwingine kuliko inavyofaa. Nilitamani uniulize tena. Hukuniuliza, na mimi niliendelea kuendesha, na mtoto wangu mwenyewe hakumjua bibi yake akimwona barabarani. Kosa hilo ni langu peke yangu, halina desturi wala Ouma.

Ungefikiri ningegeuza gari siku hiyo. Sikugeuza. Nilipita tena Jumatano, nikapita Ijumaa, nikipiga honi, ila sasa ile furaha ilikuwa imeharibika. Nikifika pale najikuta naangalia mbele.

Halafu siku moja nikapiga honi na pale hapakuwa na mtu. Wafula akasema, "Mzee, leo mama hayuko." Nikasema labda ameenda sokoni. Wakati wa kurudi kutoka Kisii nikapiga tena, mara mbili. Hakuna. Safari iliyofuata, hakuna. Nilikuwa nimeshamzika, nimeshalia, nimeshaona watu wamejaa uwanjani na mimi nafika kama mgeni. Nilisimamisha lori kando ya barabara, nikamwambia Wafula aangalie mkate, nikaikimbia ile njia kwa viatu vya kazi.

Nilimkuta ameketi mlangoni anabambua njugu. Mzima kama mimi na wewe. Akaniangalia nikihema. Hakuinuka. Nikamwambia, "Mama, nimekutafuta barabarani, hukuwepo."

Akasema kwa Kijaluo, taratibu tu, kama mtu anayeeleza kwa nini hakununua sukari, "Nilichoka kusalimiana na gari."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akatazama mikono yangu, akauliza ninafanya kazi gani siku hizi. Nikasema, "Si unajua, mkate." Akasema, "Na mkate wenyewe uko wapi?" Lori lilikuwa limejaa mkate mpaka dari, nami nilikuwa nimeingia kwa mama yangu baada ya miaka ile yote bila hata kipande. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka njugu zikamwagika. Nikarudi barabarani mbio, nikachukua mikate minne, na Wafula, ambaye hakuwahi kuniuliza kitu, akasema, "Chukua kreti, Mzee. Sondu watangoja."

Ya Ouma tuliyamaliza baadaye, mbele ya wazee, na ilikuwa kazi ndogo kuliko nilivyoiogopa. Alinisogezea kiti, nikakaa. Miaka sita ilimezwa na kiti kimoja cha mbao. Mambo mengine huwa makubwa kwa sababu tumesimama mbali nayo.

Kwa hiyo ukiniambia Perth ni kilomita elfu tisa, mimi sihofii kilomita. Nimewahi kuwa mbali zaidi ya hapo nikiwa Katito penyewe. Ninachohofia ni ile honi. Wewe unazo honi nyingi kuliko zangu. Una kidole gumba cha simu, una moyo mwekundu, una "miss you Baba" ya asubuhi, na huko asubuhi inatutangulia kwa saa tano, kwa hiyo nitaamka nikikuta umeshapita. Nami nitainua mkono. Nitamwambia mama yako, "Mtoto yuko salama." Ataniuliza tumeongea nini.

Sikukatazi video. Nitakuwa wa kwanza kuipokea. Lakini Dani unamjua na simu. Kijana wa Ouma humshikia, yeye huichukua akaiweka mapajani, nasi tunabaki kuzungumza na mabati ya nyumba yake. Mwezi jana niliyaona vizuri. Yana kutu upande wa mlango. Uso wake sikuuona.

Kuna lingine, na hili linaniuma, acha nilitoe. Uliposema unaenda kutunza wazee, nilikuambia mbele ya wageni, "Kwani kwetu Nyakach wazee wamekwisha?" Watu walicheka, wewe ukainama. Lilikuwa neno baya. Kazi yako ni ya heshima, umeisomea kwa jasho, na mzee wa Perth akihitaji mtu wa kumgeuza kitandani, amepata mkono mzuri. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa mdomo wangu hutangulia. Nisamehe, nyara.

Wala sisemi usiende. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini hawakusema anayeondoka amekataa. Nenda. Nenda ukae, upende huko kama pataonekana pazuri, upate watu wako. Sitakuhesabia miaka. Ila usingoje mpaka uwe na mabati ndipo urudi. Mimi ningekuja na mikono mitupu mapema, mama yangu angecheka mapema. Ukishindwa huko, rudi umeshindwa. Ukiwa na likizo fupi isiyotosha, njoo nayo hivyo hivyo. Kurudi ni kurefu kuliko kwenda, hilo simu imenihakikishia, na kadiri mtu anavyongoja ndivyo ule upepo unavyozidi.

Sasa la kesho.

Ndege yako ya Nairobi ni saa tisa alasiri. Nimepiga hesabu mpaka mama yako amenikataza kuisema tena. Tukitoka hapa alfajiri, Ahero bado imelala, na jua likichomoza tuko Katito. Dani huamka kabla ya kuku. Ouma ameniambia Dani amekaanga njugu na simsim tangu juzi, za kukuvusha njia. Aliuliza utalala njiani mara ngapi ili ajue kiasi. Najua utasema Australia hawataki chakula cha watu. Sawa, utakula mpaka Doha, na zitakazobaki umpe aliye karibu nawe.

Utakaa naye muda wa chai tu. Mpaka saa nne tuko barabarani tena, mpaka saa sita, hata Ahero ikifunga, uko hapa unaoga, na hawa mashangazi bado watakuwa wanatafuta viti. Ukitaka kulala mpaka asubuhi, nitakuelewa pia. Umechoka, nywele zimekuchukua siku nzima, na ni bibi yako, si deni. Nitakupeleka uwanjani saa ile ile tuliyopanga na sitanuna. Hata mama yako sitamwambia kwamba nilikuomba.

Lakini mimi nitakuwa tayari. Tangi limejaa, magurudumu umeshasikia. Karatasi hii nitaisukuma chini ya mlango wako shangazi zako wakiwa wanaomba sebuleni, maana najua kwenye maombi wewe hufungui jicho lakini sikio huwa wazi, utaisikia.

Alfajiri usikae ukisikiliza gari. Sitapiga honi. Nitashuka, nitaingia ndani, nitabisha mlango wako kwa mkono wangu.

Baba